Kapteni wako hawezi kuingia Belfast

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza ya kijasusi. Nimeiweka Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1977, katikati ya ule mgogoro wa Wakatoliki na Waprotestanti. Shujaa wangu ni kapteni wa jeshi la Uingereza anayejifanya kibarua wa Kikatoliki, anajipenyeza IRA, lile kundi la silaha la upande wa Wakatoliki, anapanda ngazi mpaka juu na kuiba orodha ya wapiganaji wote. Rafiki yangu aliyesoma mswada anasema jambo hilo lisingewezekana kabisa. Mimi nasema riwaya ni riwaya. Mswada nimeuambatanisha. Ujasusi wa kule ulikuwaje hasa, na nirekebishe wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amekusoma vizuri, msikilize. Na umechagua mwaka wenyewe, maana mwaka huohuo wa 1977 kapteni mmoja wa kweli alijaribu jambo linalokaribiana na la shujaa wako, na usiku mmoja tu ulitosha kummaliza.

Aliitwa Robert Nairac. Alikuwa na miaka 28, amesoma historia Oxford, amelelewa katika Ukatoliki, kwa hiyo hata ishara ya msalaba aliijua tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kuunganisha jeshi na Tawi Maalumu la polisi, kitengo chao cha ujasusi, huko South Armagh, mpakani na Jamhuri ya Ireland. Alijifunza lafudhi ya Belfast. Alijifunza nyimbo za wapigania jamhuri, yaani wanaotaka Ireland yote iwe jamhuri moja, zile ambazo mwanajeshi wa Malkia hakutarajiwa kuzijua. Usiku wa tarehe 14 Mei alikwenda peke yake, bila askari wa kumlinda karibu, katika baa ya Three Steps pale Drumintee. Akajitambulisha kuwa ni mtu wa Ardoyne, mtaa wa Wakatoliki wa Belfast. Akapanda jukwaani na bendi, akaimba. Alipotoka kwenye maegesho walimzunguka, wakampiga, wakamvusha mpaka, na kabla hakujapambazuka alikuwa ameshapigwa risasi. Serikali yake ikampa medali ya George Cross mwaka 1979 akiwa marehemu. Mwili wake haukuonekana. Mwaka 2024 walichimba shamba moja huko Faughart, County Louth, wakaondoka mikono mitupu.

Kila silaha uliyompa kapteni wako, Nairac alikuwa nayo: dini, lafudhi, nyimbo, ujasiri. Kitu kimoja hakuwa nacho, na hicho hakifundishwi chuoni. Hakuzaliwa pale.

Wewe unalijua hili kuliko unavyodhani. Ukihamia mtaa mgeni kwetu, mzee aliyekaa kibarazani hana haja na jina lako la kwanza. Anakuuliza, "Wewe wa kwa nani?" Ukijibu anaendelea: "Huyo wa kule kisimani au huyu aliyeoa kwa akina fulani?" Maswali matatu tu, na ameshakuweka kwenye rafu yako. Belfast ya miaka ile ilikuwa hivyohivyo, ila rafu zilikuwa mbili na kukosea rafu kungeweza kukugharimu roho. Jina lilisema: Seamus ni wa upande huu, William kwa kawaida ni wa upande ule. Shule ilisema zaidi, kwa sababu watoto wa pande mbili walisoma shule tofauti, kwa hiyo swali la "ulisoma wapi?" lilitosha. Hata herufi H ilikuwa kituo cha ukaguzi: Wakatoliki wengi huitamka kwa kuanza na pumzi, "heichi," na Waprotestanti wengi husema "eichi." Mji wa pili kwa ukubwa ulikuwa na majina mawili, Derry kwa hawa na Londonderry kwa wale, na ulipoutaja tu ulikuwa umeshajitaja.

Hapo ndipo taharuki yako ilipo. Umeandika kurasa kumi na mbili za kapteni akifungua kabati la chuma kwa waya. Nakuomba uzifute zote, uandike ukurasa mmoja tu wa mama mmoja jikoni anayemmiminia mgeni chai na kumuuliza, kwa upole kabisa, alibatizwa na padri gani.

Nikupe pia picha ya mgogoro wenyewe, maana naona mswada wako umeufanya ugomvi wa katekisimu, kama vile watu waliuana kwa ajili ya rozari. Haikuwa hivyo. Ireland iligawanywa mwaka 1921, wilaya sita za kaskazini zikabaki Uingereza, na humo Waprotestanti walikuwa wengi na wakashika serikali, polisi, na kwa sehemu kubwa hata ugawaji wa nyumba za halmashauri. Wakatoliki wengi waliutaka umoja wa Ireland, Waprotestanti wengi walitaka kubaki chini ya taji. Dini ilikuwa alama ya kumtambua mtu, na ugomvi ulikuwa juu ya nchi: ni ya nani na nani ana haki gani ndani yake. Askari wa Uingereza walipoingia mitaani Agosti 1969, wanawake wa Kikatoliki waliwatolea chai, wakidhani wamekuja kuwakinga. Miaka miwili baadaye, alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1971, askari haohao walivunja milango na kuwakamata watu 342 ili wawekwe kizuizini bila kesi. Januari 1972 wakawapiga risasi waandamanaji mjini Derry. 13 walikufa siku ileile na mwingine baadaye. Ukisimulia sura yoyote ya mwaka 1977, mhusika wako wa Kikatoliki ameyabeba hayo kifuani. Na mhusika wako wa Kiprotestanti amebeba mabomu ya IRA ya Julai 1972 katikati ya Belfast, alasiri moja ya Ijumaa. Mpaka mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998, waliouawa walipita 3,500 katika nchi ya watu kama milioni moja na nusu. Zaidi ya nusu walikuwa raia wa kawaida. Takribani watu sita katika kila kumi waliuawa na makundi ya upande wa jamhuri, IRA ikiongoza, watatu na makundi ya Kiprotestanti, na mmoja na vyombo vya dola. Ziweke hesabu hizo mezani unapoandika, zitakuzuia kuwafanya watu wa upande wowote malaika.

Sasa ujasusi. Ikiwa mgeni haingii, habari zilipatikanaje? Zilitoka ndani. Jasusi wa Belfast alikuwa mtu wa pale pale, wa mtaa huohuo na parokia hiyohiyo, mara nyingi amekula kiapo pamoja na wale anaowatolea habari. Alipatikana kwa njia ambazo hazina fahari yoyote. Kijana amekamatwa, amewekwa siku kadhaa katika kituo cha mahojiano cha Castlereagh, mashariki mwa Belfast, na ofisa mmoja mstaarabu anamwambia kesi yake inaweza kulegezwa. Mwingine ana madeni. Mwingine amechukia: kiongozi wake amemdhalilisha, au ameona bomu limeua watoto na tangu siku ile hapati usingizi. Mwingine anaogopa tu. Sababu hizi zilichanganyika ndani ya mtu mmoja, na mwandishi mzuri hazitenganishi.

Kuna operesheni moja ningependa uikae nayo muda mrefu, kwa sababu ndani yake kuna riwaya nzima. Mwaka 1972 katika mitaa ya Wakatoliki ya Belfast, ikiwemo Twinbrook, lilipita gari la dobi lililoitwa Four Square Laundry. Bei yake ilikuwa nafuu. Dereva kijana, na msichana mchangamfu anayegonga mlango, anapokea kapu la nguo chafu, anaandika risiti, anarudi baada ya siku chache na nguo zimefuliwa na kupigwa pasi. Wateja waliridhika. Wasichokijua ni kwamba nguo zile, kabla ya kufuliwa, zilipimwa kuona kama zina chembe za baruti au mabaki ya vilipuzi. Dereva na msichana walikuwa wanajeshi. Shati la mume wako lilikuwa linakwenda kutoa ushahidi dhidi yake, nawe umelilipia.

Operesheni hiyo haikuvunjwa na kachero hodari. IRA waliwatilia shaka vijana wao wawili, Seamus Wright na Kevin McKee, wakawahoji, wakakiri kwamba wamegeuzwa na jeshi na wakaeleza habari za dobi. Tarehe 2 Oktoba 1972 gari lilipofika Twinbrook lilimiminiwa risasi. Dereva akafa; msichana aliyekuwa mlangoni na mteja akaokoka. Wright na McKee walichukuliwa, wakauawa, wakazikwa kwa siri. Kevin McKee alikuwa na miaka 17. Familia zao ziliishi na kimya hicho hadi Juni 2015, mifupa yao ilipopatikana pamoja katika kaburi moja kwenye ardhi ya tope huko Coghalstown, County Meath, wachimbaji wakiwa wanamtafuta mtu mwingine.

Miaka 43 bila kaburi. Ukitaka kujua kwa nini nakwambia uachane na kabati la chuma, ni hiyo.

Hapa kuna uzi unaofika mpaka kwetu, na ningeshangaa ukiuacha. Kikosi cha siri kilichoendesha dobi lile, kilichoitwa MRF, kiliota kutokana na mawazo ya ofisa mmoja aliyeongoza brigedi ya Belfast kuanzia 1970 hadi 1972, Frank Kitson. Kitson alijifunza kazi hiyo Kenya. Miaka ya 1953 hadi 1955 alikuwa ofisa wa upelelezi wa kijeshi upande wa Kiambu wakati wa vita vya Mau Mau, na huko ndiko alikosaidia kuendeleza mbinu ya kuwageuza wapiganaji waliotekwa na kuwarudisha msituni wakijifanya bado ni wapiganaji. Wazee wa Kikuyu wanayakumbuka magunia, gakunia: mtu amefunikwa gunia kichwa kizima, yametobolewa matundu mawili ya macho, watu wanapitishwa mbele yake mmoja mmoja, naye anatikisa kichwa. Kutikisa kichwa kwake ndiyo hukumu yako. Belfast walifanya jambo la aina hiyohiyo: wapiganaji waliogeuzwa walipitishwa mitaani ndani ya magari ya deraya, wakichungulia kwenye matundu na kuonyesha nani ni nani.

Msomaji wako wa Nyeri au Morogoro hatahitaji kuelezwa hofu hiyo, anaijua kwa hadithi za nyumbani. Kwa hiyo mpe ofisa wako mkuu historia ya Kenya. Mfanye mzee aliyekaa Kiambu akiwa luteni, ambaye bado ana maneno machache ya Kiswahili cha kambini, na akizungumza kwa simu na rafiki yake wa enzi zile anachomeka amri kwa Kiswahili kibovu ili karani aliye chumbani asielewe. Msomaji wetu ataelewa. Atakuwa ndiye mtu pekee anayeelewa, na hilo litamtia baridi mwilini. Hiyo ni zawadi ambayo mwandishi wa Kiingereza hawezi kumpa msomaji wake.

Nifike sasa kwenye jambo lenyewe ninalotaka ulichukue kutoka kwangu, hata kama mengine yote utayaacha.

Habari ya jasusi ni kama maji kwenye kiganja, ukiitumia imekwisha. Jasusi wako anakuletea taarifa kwamba Alhamisi saa mbili usiku mtu fulani atauawa. Ukituma polisi, mtu huyo ataishi. Lakini waliojua mpango huo ni wanne tu. Wauaji watakaa chini waulizane, na kabla ya Jumapili jasusi wako atakuwa amefungwa kwenye kiti katika nyumba asiyoijua. Ukinyamaza, jasusi wako ataendelea kukuletea habari mwaka huu na mwaka ujao, na huyu wa Alhamisi utamsoma gazetini Ijumaa. Ofisa anayemsimamia jasusi anaijua hesabu hiyo kila wiki. Riwaya yako inapaswa kukaa kwenye meza ya ofisa huyo. Swali la nani anaingia vipi ni dogo mno. Swali kubwa ni nani anaachwa afe ili chanzo kibaki.

Na usidhani nimelitunga. Ndani ya IRA kulikuwa na kitengo cha usalama wa ndani, kazi yake kuwachunguza wapya, kuwahoji waliotoka mikononi mwa polisi, na kuwasaka wanaotoa habari, kuwatesa na kuwaua. Katika kitengo hichohicho jeshi la Uingereza lilikuwa na mtu wake, jina lake la siri Stakeknife. Yaani mwindaji wa wasaliti alikuwa mwenyewe analipwa na adui. Mei 2003 vyombo vya habari vilimtaja kuwa ni Freddie Scappaticci, fundi ujenzi wa Belfast, mtoto wa familia ya wahamiaji wa Kitaliano. Alikana hadharani, akakimbilia Uingereza, akafa 2023 bila kufikishwa mahakamani kwa mauaji hata moja. Kwa miaka mingi watu wa idara walinong'ona kwamba aliokoa mamia ya roho. Uchunguzi ulioitwa Kenova, ulioanza 2016 ukiongozwa na Jon Boutcher, ulichimba miaka saba, na ripoti yake ya awali ya Machi 2024 ikasema madai hayo hayana msingi: walioweza kuhesabiwa kuwa waliokolewa hawakuwa mamia, walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole, na inaelekea roho zilizopotea kwa sababu yake zilizidi zilizookolewa. Ripoti yenyewe haikuruhusiwa kuandika jina lake, kwa sababu serikali ina kanuni ya kutothibitisha wala kukanusha nani ni jasusi wake.

Soma tena mwanangu. Wapo watu waliouawa kwa tuhuma kwamba wanatoa habari, na miongoni mwa waliowahoji wakiwa wamefungwa vitambaa machoni alikuwemo mtoa habari mkubwa kuliko wote, na maofisa wake walijua.

Upande wa Waprotestanti mambo yalikuwa hayohayo kwa sura nyingine. Brian Nelson, mwanajeshi wa zamani, alikuwa mkuu wa habari wa UDA, jeshi la mgambo la Kiprotestanti, na papo hapo jasusi wa kitengo cha siri cha jeshi kilichoitwa FRU. Alikuwa na kadi za watu: picha, anwani, namba za gari. Maofisa wake walimsaidia kuzipanga vizuri zaidi, wakitumaini UDA itapiga wapiganaji na kuacha raia. Tarehe 12 Februari 1989, Jumapili, mwanasheria wa Kikatoliki Pat Finucane alikuwa mezani kwake Belfast akila na mke wake na watoto wao watatu. Wenye silaha waliingia na kumpiga risasi 14 mbele yao. Nelson alihusika kuwasaidia wauaji wamtambue. Aliyetoa bunduki, William Stobie, alikuwa mtoa habari wa Tawi Maalumu la polisi. Polisi kutoka Uingereza, John Stevens, alipopewa kazi ya kuchunguza na akakaribia kumkamata Nelson, usiku wa kuamkia siku hiyo, Januari 1990, ofisi yake iliungua moto, ving'ora havikulia. Baadaye yeye mwenyewe alisema anaamini moto ule uliwashwa makusudi. Mwaka 2012 waziri mkuu David Cameron aliomba radhi bungeni kwa kiwango cha kushtusha cha ushirikiano kati ya dola na wauaji. Uchunguzi kamili wa hadharani ulitangazwa Septemba 2024, miaka 35 baada ya chakula kile cha Jumapili.

Jambo moja ambalo wasomaji wengi hawalijui, nawe unaweza kulitumia: wakati huo hapakuwa na sheria ya maana iliyosema jasusi aliye ndani ya kundi la wauaji aruhusiwe kufanya nini. Mwongozo uliokuwepo ulikuwa wa mwaka 1969, uliandikwa kwa ajili ya wezi na majambazi wa mijini Uingereza, na maofisa walijua haufai. Waliomba mpya, hawakupewa. Kwa hiyo ofisa wako ana karatasi, ana kalamu, ana roho ya mtu mkononi, na hana kanuni ya kujifichia wala ya kumzuia. Usimfanye shetani. Mfanye mtu anayewahi nyumbani kumlaza binti yake, anayeamini kwamba mizani itakuja kukaa sawa siku moja, na anayeandika taarifa zake kwa sentensi zisizo na mtendaji: "Imeamuliwa taarifa isitumike." Kiswahili chetu kina kauli ya kutendwa iliyo hodari sana kwa dhambi ya namna hiyo. Itumie kwenye nyaraka zake zote, halafu umnyime katika mazungumzo na mke wake.

Suala la maneno linanigusa, ngoja nilimalize. Umemwita mtoa habari "msaliti" tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Neno hilo limeshahukumu, halimwachii msomaji kazi. Ofisini mtu huyohuyo anaitwa "chanzo," neno safi, kama chanzo cha maji. Mtaani Belfast alikuwa na jina fupi la dharau lililoandikwa kwa rangi kutani pamoja na ahadi ya risasi, wewe unayo "mnoko," na unacho kitenzi cha vijana, "kuchomea utambi." Nyumbani kwake anaitwa baba. Mpe kila mtu katika riwaya neno lake, wala msimulizi asichague. Msomaji atayasikia yote matatu yakimkaba mtu mmoja.

Na uwe mwangalifu sana na tuhuma. Desemba 1972 IRA walimchukua Jean McConville, mjane mwenye watoto kumi, kutoka ghorofa za Divis, watoto wakiwa wamemshikilia. Walisema alikuwa anatoa habari. Walimuua, wakamficha, mwili wake ukaonekana 2003 ufukweni County Louth. Mwaka 2006 msimamizi wa malalamiko dhidi ya polisi alichunguza na hakuona ushahidi wowote kwamba mama yule alikuwa mtoa habari. Watoto waligawanywa kwenye makao ya yatima. Majirani waliona wote, na wengi wao walikaa kimya miongo. Katika mswada wako kila anayetuhumiwa kuwa jasusi anakuja kuthibitika kuwa jasusi kweli. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko la kapteni. Weka mmoja ambaye hakuwa. Usimsafishe mwishoni kwa barua iliyopatikana mtoni. Mwache mtoto wake mkubwa aishi na mtaa uleule, akikutana dukani na mwanamke aliyeshika mlango siku ile.

Kuhusu muda wa hadithi, mwaka 1977 unakubana. Ningekushauri uanzie mbele, baada ya amani. Desemba 2005 Denis Donaldson, mtendaji mkubwa wa Sinn Féin, chama cha siasa kilichokuwa bega kwa bega na IRA, mtu aliyefungwa na kupigana pamoja na viongozi wake, alisimama mbele ya kamera akasoma karatasi: kwa miaka ishirini alikuwa jasusi wa Uingereza. Alikwenda kujificha katika kijumba cha zamani karibu na Glenties, Donegal, kisicho na umeme wala maji ya bomba. Tarehe 4 Aprili 2006 alikutwa amepigwa risasi. Miaka minane ilikuwa imepita tangu mkataba utiwe saini. Mtu aliyekaa gizani hivyo, akisikiliza gari likipunguza mwendo barabarani, anaweza kukumbuka 1977 yote kwa ajili yako, na kila kumbukumbu itakuwa na tarehe ya mwisho inayomsogelea.

Kapteni wako usimtupe kabisa. Mpe sura moja, ya tatu au ya nne. Aende baa, aimbe, asirudi. Maofisa wenzake wajifunze hapo kwamba watu wao hawawezi kuingia, na kwamba itabidi wamtafute mtu aliyezaliwa ndani.

Kisha mtafute huyo mtu. Kama unataka mahali pa kumwona kwa mara ya kwanza, mimi ningesimama mlangoni Twinbrook mwaka 1972. Mama anamkabidhi msichana wa dobi kapu la nguo za wiki. Jirani zake wanajua kwamba anaishi na watoto wadogo tu, na kaka yake amekimbilia kusini ya mpaka. Msichana anahesabu kwa sauti huku akiandika risiti, kama afanyavyo kila Jumatatu: shuka mbili, magauni manne, nguo za watoto, shati la mwanaume, kola namba kumi na sita. Anainua macho. Mama naye amemwona akiinua macho. Andika sekunde hizo tatu, mwanangu, halafu uniletee nizisome.